Kata yetu imepata shule mpya ya msingi, sasa wazazi wanagombania mpaka

Baba_Wawili_Bondeni:
Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi maana kwenye grupu la wasapu la wazazi limeshatushinda, admini kalifunga tangu juzi.

Iko hivi. Huku kwetu Ubungo, Dar, kata siitaji, miaka yote shule ya msingi ya serikali ni moja. Toka elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wanaongezeka tu, na pori nalo linaisha, leo kichaka kesho msingi keshokutwa kuna wapangaji sita na kila mmoja ana watoto wake. La kwanza na la pili wanaingia kwa zamu, wa asubuhi wakitoka wa mchana wanaingia, na bado darasa moja wanapita mia wakati serikali yenyewe inasema darasa ni watoto 45. Dawati la watatu wanakaa watano.

Sasa tumejengewa shule mpya upande wa juu kule kwenye viwanja vilivyopimwa. Madarasa ya vigae, matundu ya vyoo ya kutosha, uzio. Tumefurahi wote, vigelegele vilipigwa. Shida ni mgawanyo. Rasimu iliyosomwa kwenye mkutano wa mtaa inasema barabara ya lami ndio mpaka, wa juu ya lami waende shule mpya, wa chini ya lami wabaki ya zamani. Kwenye karatasi imenyooka vizuri tu, ila mwenyeji wa huku anajua maana yake, ushuani kwa wenye hela yote juu, uswazi kwetu sisi yote chini. Na wa juu wengi watoto wao wako ingilishi midiamu, gari la shule linawafuata getini, kwa hiyo shule mpya itakuwa na viti vitupu na ya zamani itapungua kidogo sana.

Halafu wale wachache wa juu wanaosomesha Kayumba, yaani shule za serikali, kama sisi, ndio hao hao wanaotoa ya mlinzi, ya mpishi wa uji, na ya wale vijana wanaojitolea kufundisha. Wakihama wao hela imehama nao. Mimi nakaa chini, nina wawili pale, la pili na la tano. Ninachosema, tusigawe vichwa tu bila kuangalia mfuko uko upande gani. Nawasilisha.

Ngosha_Kavu:
Nimewahi siti ya mbele. Mpaka uanzie kwa diwani, mwanae anasoma ipi hapo?

Dereva_wa_Bajaji:
Mkuu umeongea vizuri ila umeiruka barabara. Mimi napita hapo kuanzia saa kumi na moja alfajiri, malori ya mchanga na kokoto yanateremka kama hayana breki na bodaboda wanaovateki kulia na kushoto. Mpaka ukiwa lami hakuna mtoto wa miaka sita atakayevuka. Kwa hilo tu mimi rasimu naiunga mkono, mambo ya nani ana hela badae.

Mkazi_wa_Juu:
Hili la ushuani naomba niliongelee kidogo. Mimi niko huko juu, nyumba sijapiga plasta, maji nanunua kwa boza, umeme umeingia juzi. Kiwanja kupimwa haina maana mwenye kiwanja ana hela, hela yenyewe iliishia kwenye kiwanja. Wangu alikuwa ingilishi midiamu, biashara ilipoyumba nikamtoa la tatu nikampeleka hiyo hiyo shule ya zamani, na wako wengi kama mimi ila hawasemi, wanaona aibu.

Na hiyo shule mpya haikushuka mbinguni. Wananchi wa juu ndio tuliokubali eneo la wazi libaki la shule badala ya kukatwa viwanja, tukasomba mawe ya msingi, tukachangia mifuko ya saruji kabla serikali haijaleta hata senti. Leo imekamilika inakuwa dhambi watoto wetu kusoma humo? Alafu michango ni hiari, mimi nikitoa ya uji ni kwa moyo wangu, sio unipangie shule kwa sababu ya pochi yangu!

Baba_Wawili_Bondeni:
Dada yangu @Mkazi_wa_Juu hakuna aliyesema msisome humo. Nachosema na sisi tusome humo. Na saruji tulichanga kata nzima, risiti ya mtendaji ninayo.

Ticha_wa_La_Pili:
Nafundisha msingi, sio shule hiyo ila ni hapa hapa mjini na hali ni hiyo hiyo. Naomba niwaambie kitu ambacho kwenye mikutano hamkijadili. Nina watoto 120 na ushee. Kazi yangu ni KKK, kusoma kuandika kuhesabu. Nikisema kila mtoto anisomee kwa dakika moja tu, dakika moja!, tayari nimemaliza vipindi vinne vya nusu saa na hakuna nilichofundisha. Kwa hiyo nafanyaje, nawasikiliza wa mbele, na wa mbele ni wale ambao nyumbani kuna mtu wa kuwafundisha, wa nyuma wanaitikia tu kwa sauti kama wanajua. Desemba inafika mtoto anapanda darasa hajui kuunganisha herufi.

Mimi ukiniuliza mpaka uwe lami, uwe mto, uwe mstari wa chaki, nipunguzieni watoto kwanza. Ila ulizeni na jambo moja, walimu wa shule mpya wanatoka wapi? Mara nyingi ajira mpya hazijafika, kwa hiyo wanahamishwa watano sita kutoka shule ya zamani. Madarasa yamekuwa mengi walimu ni wale wale.

Mzee_Chaki:
Wanangu, nimekuwa mwalimu mkuu mpaka nikastaafu, acheni niwape hesabu maana naona mnagombana gizani.

Ruzuku ya serikali shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo 4,000 inabaki kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndio inaingia akaunti ya shule. Shule ya watoto 1,000 inapata milioni sita kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi, humo utoe chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, bili ya maji. Mlinzi hayumo. Mpishi hayumo. Mwalimu wa kujitolea ndio kabisa hayumo.

Sasa chukueni hiyo shule mpya. Mkiweka mpaka kwenye lami na watu wa juu wengi wako praiveti, tuseme mnapata watoto 300. Hiyo ni laki moja na nusu kwa mwezi. Mlinzi ni yule yule mmoja, geti ni lile lile, bili ya umeme haijui watoto wako wangapi. Kwa hiyo dada wa juu unadhani umeshinda, kumbe shule yako itaanza maskini kuliko ya bondeni. Hela ya serikali inafuata vichwa na hela ya wazazi inafuata mitaa, ukizitenganisha hizo mbili kila shule inabaki na mguu mmoja.

Haya mambo si mapya. Tuliyaona baada ya Azimio la Musoma 1974, watoto wote waende shule, tukafundisha chini ya miti. Tukayaona tena MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza 2002, ada imefutwa watoto wamejaa. Wakati ule dawa ilikuwa kuigawa shule moja kuwa A na B ndani ya kiwanja kile kile, walimu wakuu wawili, kengele mbili, choo kimoja cha kugombania. Nyinyi mna bahati mmepata kiwanja kingine.

Mkazi_wa_Juu:
Mzee shikamoo. Hiyo ya laki na nusu sikuijua. Lakini si mtuambie basi serikali iongeze ruzuku, kwa nini mzigo uwe kwetu wazazi? Tumeambiwa elimu bila malipo.

Mzee_Chaki:
Marahaba binti. Kuongeza ruzuku nitakuunga mkono hata kesho. Ila Oktoba uandikishaji wa awali na la kwanza unaanza na ruzuku itakuwa hiyo hiyo.

Ngosha_Kavu:
Mi nakumbuka Januari 2018 Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kisa elfu mbili ya mlinzi. Leo mnairudisha kwa mlango wa nyuma, kesho mtaiita mfuko wa wazazi. Mkishaweka hiyo kitu mwenye hela ndio atasikilizwa kwenye kamati ya shule, sisi wengine tunakwenda kupiga makofi.

Nyanya_Chungu:
Mimi nauza mboga sijui ruzuku. Nina watatu, la sita, la tatu na la kwanza. Wa la sita ndio anawapeleka wadogo zake na kuwarudisha, mimi saa kumi usiku nishaenda Mabibo sokoni. Nimesikia wanataka la kwanza mpaka la tatu wahamie juu, wakubwa wabaki chini. Sasa wangu watavukaje, nani atawashika mkono?? Mkae mkijua nyinyi mnaogawa madarasa kuwa kuna nyumba mtoto ndio mzazi mpaka jioni.

Dereva_wa_Bajaji:
Hapo mama umenena.

Baharia_wa_Maryland:
Wadau salamu kutoka huku. Nimesoma uzi wote nikacheka peke yangu maana huu ugomvi nimeushuhudia live, tofauti ni lugha tu. Nakaa Laurel, Maryland. Jirani zetu ni kaunti ya Howard, moja ya kaunti zenye hela kuliko nyingi Marekani. Mwaka 2019 mkuu wa shule za kaunti alileta pendekezo la kuchora upya mipaka ya shule, wanafunzi zaidi ya 7,000 wabadilishe shule, sababu mbili, baadhi ya shule zimejaa kupita kiasi nyingine zina nafasi, na pili watoto wa familia zenye kipato cha chini wamerundikana shule chache. Kule wanapima umaskini kwa kuangalia mtoto anastahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni.

Basi kaunti inayojisifia kuchanganyika kwa watu ilichafuka. Wazazi wameshika mabango, tisheti za rangi moja, mikutano ya kutoa maoni inaenda mpaka usiku. Hakuna hata mmoja aliyesema sitaki mwanangu akae na maskini. Kila mtu anaongelea umbali, marafiki wa mtoto, muda wa basi. Ila nyumba watu walinunua kwa kuangalia mpaka wa shule, ukisogeza mpaka umegusa bei ya nyumba, hilo ndio lilikuwa linawauma. Novemba bodi ikapitisha, ila idadi imepunguzwa.

Kitu nilichokipenda, ramani iliwekwa wazi. Kila kitongoji na namba yake, shule ina nafasi ngapi, ikihamishwa mitaa fulani itakuwaje. Hata aliyepinga alikuwa anapinga kwa namba. Hiyo rasimu yenu mnayo wote au iko mfukoni kwa mtendaji?

Ngosha_Kavu:
Baharia asante ila kule kuna basi la njano la serikali linamchukua mtoto mlangoni. Hapa mpaka ukisogea kilomita moja anaisogea kwa miguu. Daladala nauli ya mwanafunzi mia mbili konda hataki hata kumwona, anasimamisha mbele ya kituo makusudi. Ukimchanganya mtoto wa maskini na wa tajiri anayetembea ni wa maskini.

Baharia_wa_Maryland:
@Ngosha_Kavu hapo sina jibu, umenipiga. Na hata kule walalamikaji walikuwa na hoja hiyo, kwamba wanaopandishwa basi mbali zaidi ni wale wale wa kipato cha chini.

Wa_Nairobi:
Jirani zetu poleni. Sisi huku tulipitia hii 2003 Rais Kibaki alipoondoa karo shule za msingi. Watoto walimwagika darasani, wale wazazi wa kadri wakaona masomo yameharibika wakatoa watoto wakapeleka akademi, hata zile za mabati mradi ni akademi. Shule ya umma ikabaki na wale hawana sauti. Msiangalie tu nani yuko juu na nani yuko chini leo, angalieni wale wa katikati, wakiona darasa halipumui wanaondoka na hawarudi.

Mkazi_wa_Juu:
Huyo wa Nairobi ameongea ukweli wangu. Mimi nikiona shule mpya nayo imejaa mia na ishirini, nitauza hata kiti nimrudishe praiveti. Sio dharau, ni mtoto.

Mpima_Ardhi:
Nimechelewa uzi. Mimi ni fundi wa vipimo, eneo hilo nalijua, nimeweka bikoni nyingi tu huko. Nawashangaa mnavyoikazania lami. Kikwazo cha huko sio lami, ni korongo. Kuna ule mtaa wa ng'ambo ya korongo, uko chini ya lami kwa hiyo rasimu inawapa shule ya zamani. Masika yakikolea kile kidaraja cha miti kinaondoka, watoto wanakaa nyumbani mpaka maji yapungue. Kwa miguu wako karibu na shule mpya kuliko hata hao wa juu wa mwisho kule kwenye minara, wanapanda kinjia cha nyuma ya msikiti wanatokea lami, shule hiyo hapo.

Aliyechora mpaka amechukua rula akapima kwenye ramani. Mtoto hatembei kwenye rula. Pimeni njia anayopita. Mkifanya korongo ndio mpaka, ng'ambo nzima inapanda shule mpya, na ng'ambo ni wapangaji, mafundi, mama lishe. Huku upande mwingine wale wa juu walioko magharibi, wanaoshukia kituo cha chini, wao ya zamani ndio iko karibu, wabaki huko huko. Mchanganyiko unaupata bila kumwambia mtu wewe tajiri nenda huku wewe maskini nenda kule, hoja yako ni umbali na maji ya mvua, nani atasimama kupinga mafuriko.

Dereva_wa_Bajaji:
Na kuvuka lami je?

Mpima_Ardhi:
Kivuko na matuta, na mtu wa kusimama na kibendera asubuhi na mchana. Barabara hiyo ni ya TANROADS wa barabara kuu na za mkoa, sio TARURA wa barabara za mitaani na vijijini, watu wanapeleka barua kusiko halafu wanasema serikali haisikii.

Baba_Wawili_Bondeni:
Wakuu huyu mtu alikuwa wapi. Miezi miwili tunatukanana kumbe kuna korongo.

Ngosha_Kavu:
Subirini kwanza. Mnaongelea msingi tu, mkumbuke na sekondari. Kwa mtaala mpya la sita na la saba wanamaliza pamoja 2027, Januari 2028 kidato cha kwanza kinapokea mikupuo miwili. Zile hela za UVIKO (korona) za 2021, madarasa 12,000 yalikwenda sekondari, msingi tuliambulia 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazoegemea shule mama, na bado sekondari ya kata yetu imejaa. Dar sensa ya 2012 tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Milioni moja hiyo haikwenda kukaa Posta katikati ya mji, imekuja huku kwetu pembezoni. Shule moja ya vigae mnaigombania mpaka mnatoana macho, ilitakiwa ziwe tatu, tena za ghorofa.

Ticha_wa_La_Pili:
Ghorofa sawa ila mtukumbuke na ngazi, la awali wawe chini jamani.

Mzee_Chaki:
Nyongeza kwa mtakaokwenda kikaoni. La nne na la saba msiwaguse, wameshasajiliwa mitihani ya taifa na namba zao ziko kwenye mfumo, ukimhamisha katikati ya mwaka unamtafutia mzazi safari za bure kwa afisa elimu. Mama mboga umesema jambo kubwa kuliko wote, ombeni iandikwe kwenye muhtasari kuwa ndugu wa tumbo moja hawatenganishwi mpaka mkubwa amalize. Ikisemwa kwa mdomo tu mwalimu mkuu mpya atakuja hajui. Na kuhusu walimu, kamati iulize majina, sio idadi. Wanaweza kuwaletea sita wote wa sanaa na hesabu ikabaki bondeni.

Kwa utaratibu, wazo lianze serikali ya mtaa, lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndio liende halmashauri. Mkirukia kwa mkurugenzi mnarudishwa.

Baba_Wawili_Bondeni:
Mrejesho. Kikao cha kata kimefanyika Alhamisi, niliingia kama mjumbe wa kamati ya shule. Tulibandika ramani ya @Mpima_Ardhi ukutani, mtendaji alinuna kidogo ila akaiangalia. Yaliyopita ni haya: korongo ndio mpaka badala ya lami, wa magharibi ya kituo wabaki ya zamani hata kama wako juu. La nne na la saba hawahami. Ndugu hawatenganishwi, limeandikwa, nimelisoma kwa macho yangu. Barua ya matuta na kivuko inakwenda TANROADS na nakala kwa diwani.

Lililogoma ni mfuko mmoja wa wazazi kwa shule zote mbili. Nilipendekeza mlinzi na uji vilipwe kutoka chungu kimoja mpaka shule mpya itakapotulia, wazee wa juu wakasema kila shule ijitegemee, na baadhi ya wa chini nao wakasema hivyo hivyo, wanaogopa hela yao itapanda mlima. Kura ikapigwa, tukashindwa.

Mkazi_wa_Juu:
Mimi nilikuwepo, nilipiga kura ya mfuko mmoja, kwa hiyo msiseme wa juu wote. Kilichonikera ni yule mzee aliyesimama akauliza kwani watoto wa ng'ambo wana sare. Hakujibiwa na mtu.

Nyanya_Chungu:
Sare wanazo. Asante kwa la ndugu.

Ngosha_Kavu:
Kwa hiyo shule zimechanganyika, hela zimebaki kila mtu na kwake. Na mlinzi wa shule mpya Januari nani anamlipa?

Baba_Wawili_Bondeni:
Ajenda ya kikao kijacho hiyo. Mzee_Chaki kama una mfano wa katiba ya umoja wa wazazi uliowahi kukubaliwa na halmashauri naomba niinboksi, nataka tuandike kwamba anayetaka kuchangia shule zote mbili aruhusiwe kwa risiti moja. Wasiotaka basi.